Leya mashi ya dukani, konsentreti, au uchanganye mwenyewe? Kuku wa mayai wa Tanga wale nini

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "dada, chakula gani kizuri cha kuku wa mayai?" na kila wiki nashindwa kumjibu kwa neno moja. Anataka nimtajie jina la mfuko tu, aende nalo dukani Ngamiani, anunue, amalize. Sasa mfuko uleule ukimpa mtu wa kuku 30 uani kwake Makorora na ukimpa mtu wa kuku 600 kule Pongwe, mmoja atafurahi mwingine atalia, na chakula ni kilekile.

Mie nafuga kuku 200, wekundu, nje kidogo ya mji, na njia zote nimeshapita. Leya mashi ya mfuko (chakula cha kuku wa mayai kilichoshachanganywa kila kitu), konsentreti ya kuchanganya na mahindi, kuchanganya kila kitu mwenyewe kwa beleshi sakafuni, na mwanzoni kabisa nilipokuwa na kuku 15 tu niliwaachia watembee waokote, jioni nawaongezea pumba na machicha ya nazi. Kila njia ina mtu wake. Na kila njia imeshaniliza.

Bei ya mfuko inadanganya

Wengi wetu tunalinganisha mfuko na mfuko. Huu wa kilo 50 bei hii, ule bei ile, ule umeshuka kidogo basi twende na ule. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza wote mpaka siku nilipochukua daftari la shule la mwanangu nikapiga hesabu kwa trei, sio kwa mfuko.

Iko hivi. Kuku wa kisasa anayetaga, hawa kina Isa Brown, Hy-Line, Lohmann, anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. We weka 120 maana kuna anayemwaga. Kuku 100 ni kilo 12. Hao 100 wakikupa mayai 80 kwa siku, trei moja ya mayai 30 imekula kilo 4 na nusu. Wakishuka wakakupa mayai 65, chakula wanakula kilekile (kuku hapunguzi kula eti kwa sababu leo hakutaga, hana aibu hiyo) na trei sasa imekula kilo 5 na nusu na kidogo juu yake.

Sasa weka bei, na hizi ni za mfano tu, we weka za kwako. Mfuko wa kwanza kilo inakuja shilingi 1,000, kuku wanataga 80, trei inakula chakula cha 4,500. Mfuko wa pili kilo ni 850, umeokoa 7,500 nzima kwenye mfuko, unatoka dukani unatembea kwa mikogo, ila kuku wameshuka mpaka 65 na trei inakula kama 4,700. Umenunua rahisi na trei imepanda. Hapo hujahesabu kwamba kila siku mayai 15 hayapo, nusu trei, na yule wa chipsi anayekuja kuchukua saa mbili asubuhi umeshamwambia "kesho kaka, leo hazijatimia" mara tatu mfululizo, na mara ya nne haji.

Kwahiyo nikisema chakula hiki bora kuliko kile namaanisha trei imekula shilingi ngapi. Hicho ndo kipimo changu humu mote.

Kuku mwenyewe anataka nini

Sitakaa sana hapa. Kuku anayetaga anataka protini asilimia 16 mpaka 18, anataka nguvu (hiyo inatoka kwenye mahindi zaidi), na anataka kalsiamu nyingi, asilimia 3 na nusu mpaka 4 ya chakula chote. Hiyo kalsiamu ndo inayomtofautisha na kuku wengine wote bandani. Growa, yani kuku anayekua na hajaanza kutaga, anahitaji kama asilimia 1 tu. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na kila yai linaondoka na gramu 2 hivi za kalsiamu, kwahiyo asipoipata kwenye chakula anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe, anataga siku kadhaa vizuri unaona mambo safi alafu ghafla anakaa chini hasimami.

Ndo maana pia usimpe leya mashi kuku mdogo ukidhani unamuwahisha kutaga. Ile kalsiamu inamuua figo. Chiki mashi, chakula cha vifaranga, mpaka wiki ya 8, chakula cha growa mpaka wiki ya 18 hivi au ukiona yai la kwanza, ndo unahamia ya kutagia. Jirani yangu alitaka kuruka growa "nisaidike gharama", akaishia kununua kuku wengine, sijui hapo kasaidika nini.

Leya mashi ya mfuko

Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: umemaliza kufikiri. Unafungua, unamwaga, unaenda kwenye shughuli zako. Kwa mtu mwenye kuku chini ya 100, mwenye kazi nyingine, mie namwambia kaa hapahapa, usihangaike na mizani na premiksi (ule unga wa vitamini na madini) kwa kuku 40, utachoka bure. Na kwa anayeanza ni lazima kabisa, maana kuku wakishuka unajua sio chakula ulichokoroga mwenyewe, unatafuta ugonjwa au maji au mwanga. Ukiwa umechanganya mwenyewe na hujui kufuga bado, kuku wakishuka hujui uanzie wapi.

Ubaya wake wa kwanza ni bei, hilo sina haja ya kulieleza. Ubaya wa pili ni kwamba hujui kilichomo ndani, unaamini karatasi. Hapa nina kisa.

Mwaka juzi nilichukua mifuko 6 kwenye duka moja, silitaji, bei ilikuwa chini kuliko wenzake wote. Nikamuuliza kijana, "hii vipi mbona rahisi hivi?" akanambia "mama, mzigo umeingia jana, kimbilia kabla haujaisha." Nikakimbilia. Kuku 200 wanamaliza kilo 24 kwa siku kwahiyo mifuko 6 ni siku kumi na mbili hivi. Nilikuwa naokota trei 5 na mayai kama 10. Siku ya tano trei 5 haikutimia. Siku ya tisa trei 4, na humo mayai kumi na kitu ganda laini, unalishika linabonyea kidoleni kama kipira, na asubuhi nakuta mengine yamepasuka kwenye maranda na wenyewe wameshaanza kuyadonoa, na kuku akishaonja yai hilo ni balaa jingine.

Mzee mmoja mfugaji wa siku nyingi ndo akanifundisha. "Mwanangu, chota konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri." Pumba na mashudu yakaelea, unga ukabaki katikati, chini kabisa kukawa na kitu kizito kimetulia, kijivu. Nikamwaga maji polepole nikabaki na kile cha chini, hata kilikuwa kingi, nikasema si ndo chokaa hii, mbona ipo. Akanambia kamua ndimu juu yake. Nikakamua. Kimya. Akatoa chokaa yake mfukoni kwenye nailoni, ile ya mifugo, akakamulia ndimu ileile, ikachemka povu kama soda. Chokaa ya kweli ikikutana na ndimu au siki inatoa povu. Mchanga hautoi. Nilikuwa nimenunua mchanga kwa kilo, na mchanga Tanga tunao wa bure kabisa, pwani yote.

Toka siku hiyo ndimu haikosi kwangu. Mfuko mpya lazima glasi ya maji kwanza. Na angalia vingine pia: ulivyoshonwa, kama uzi umefumuliwa ukashonwa tena kwa mkono utaona, tarehe ya kutengenezwa, imeandikwa protini ngapi na kalsiamu ngapi au kuna picha ya kuku tu, ukitia mkono ndani ni pa baridi au pamoto, kuna harufu ya uvundo, kuna mabonge. Chakula cha leya kizuri hakiko kama unga wa ugali, kina chengachenga, kikiwa vumbi tupu wanakiacha au kinawaganda mdomoni. Ukiwa na wasiwasi mkubwa na unanunua mzigo mkubwa, Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) wanapima vyakula vya mifugo, ila kwa mifuko miwili mitatu ndimu yako inatosha.

Konsentreti

Hii ndo niliyokaa nayo muda mrefu zaidi, na kwa wenye kuku 100 mpaka 400 mie naiona ndo saizi yao. Unanunua ule mfuko wenye protini na madini na vitamini vyote vimeshapimwa, we unaongeza mahindi na pumba, na mara nyingine chokaa. Kazi ngumu ya vitu vidogovidogo umefanyiwa, vitu vizito unavyovijua unanunua mwenyewe kwa bei ya msimu. Mahindi yakishuka bei baada ya mavuno ya Handeni na Kilindi unafaidi, mwenye leya mashi ya mfuko hafaidi, mfuko wake ukipanda umepanda.

Kosa linaloua watu hapa ni kutumia kipimo cha jirani. Konsentreti hazifanani. Kuna ya kuweka kilo 30 au 35 kwenye kila 100, kuna ya kilo 10, kuna ya kilo 5, na hiyo ya kilo 5 ukiiwekea mahindi na pumba tu umekwisha, ile inataka uongeze soya au mashudu na dagaa na chokaa yako, yenyewe haitoshi protini. Soma karatasi ya nyuma, ukimaliza soma tena.

Kosa la pili ni kupunguza mahindi kuongeza pumba. Naelewa, mahindi yakipanda mkono unakwenda wenyewe kwenye pumba. Ila pumba haina nguvu ya mahindi, kuku anakula zaidi kutafuta nguvu, au anakula kilekile na kutaga kunashuka. Na pumba ya mpunga angalia sana, kuna pumba laini yenye mafuta mafuta, hiyo sawa kidogo, na kuna ile iliyosagiwa na makapi ndani, ukiisugua kiganjani inakwaruza. Hiyo ni ya kutandikia bandani sio ya kula.

Mahindi yaparazwe tu, sio yasagwe dona. Mwambie wa mashine mapema maana akishaweka chekeche la unga harudi nyuma.

Kuchanganya mwenyewe toka mwanzo

Hapa ndo kuna hela ya kuokoa na hapa ndo kuna mitego yote. Nitakaa kidogo.

Mchanganyiko wangu wa kilo 100, niliotumia karibu mwaka mzima: mahindi ya kuparaza kilo 52, pumba ya mahindi 5, mashudu ya alizeti 15, soya iliyokaangwa na kusagwa 10, dagaa 7, chokaa ya mifugo 8, unga wa mifupa 2, premiksi ya leya nusu kilo, chumvi robo, na methionini na laisini (vijenzi vya protini, vinauzwa kama unga) gramu 100 kila moja. Protini utaipata hivi: mahindi yana kama asilimia 8 na nusu, kwahiyo kilo 52 zinatoa 4.4. Pumba 0.5. Alizeti ukikadiria asilimia 28 inatoa 4.2. Soya nzima ya kukaangwa ina 36 hivi, inatoa 3.6. Dagaa wazuri 55, wanatoa 3.8 na kitu. Jumlisha, unapata 16 na nusu. Ukitoa dagaa ukasema nitaongeza pumba, rudia hesabu hiyo uone unavyoporomoka.

Sasa mitego, na mingi ni ya hapahapa kwetu.

Chokaa. Tanga mawe ya chokaa tumezungukwa nayo, Amboni yote ile na mapango yake ni chokaa, na neno lenyewe chokaa linachanganya. Ile ya mifugo ni jiwe limesagwa tu, halijachomwa. Ile ya kupaka ukuta imechomwa, inababua, ukimpa kuku inamuunguza mdomo na tumbo. Zote mbili dukani zinaitwa chokaa. Sema "ya kulishia kuku", na kama muuzaji anaonekana hajaelewa unachosema ondoka. Magamba ya chaza na kombe yanafaa sana pia, tena tunayo, yaoshe chumvi, yaanike, yaponde chengachenga usiyafanye unga. Mie huwa nawawekea kombe za kuponda pembeni kwenye chombo chao saa 10 jioni, maana ganda linatengenezwa usiku kuku akiwa amelala, na zile chenga kubwa zinayeyuka polepole tumboni usiku kucha. Unga unapita haraka.

Dagaa. Kuna dagaa wa Deep Sea, sokoni kwetu kwa samaki hapa Tanga, na kuna dagaa wa ziwani wanaokuja kutoka Mwanza. Wa kwetu wa baharini wengi wamechemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa chini, kwahiyo unanunua dagaa na chumvi na mchanga kwa pamoja. Waonje. Kama ni chumvi kali toa ile robo kilo ya chumvi kwenye mchanganyiko, la sivyo kuku watakunywa maji mpaka banda linalowa, kinyesi cha maji, harufu ya amonia unaisikia toka barabarani. Na usipitishe kilo 10 kwenye 100, yai linaanza kunuka samaki. Mteja wangu mmoja alinirudishia trei, akanambia "dada, mayai yako ukiyakaanga utadhani unakaanga vibua." Nikacheka lakini trei nimerudishiwa.

Soya usiwape mbichi hata siku moja. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo la kuku kutumia protini, yani unalipa protini ghali alafu inapita. Kaanga mpaka inukie kama karanga, ganda libadilike kidogo rangi, isiungue.

Mashudu ya pamba bei yake inavutia lakini mie hapana kwa kuku wa mayai. Yana sumu yake inaitwa gosipoli, kiini cha yai kikikaa kinageuka kijanikijani, mtu anapasua yai anadhani limeoza. Alizeti ndo salama, ila tafuta yasiyo na maganda mengi.

Machicha ya nazi, najua, kila nyumba Tanga yapo na kuku wanayakimbilia. Ni mafuta na nyuzi, protini kidogo sana, na yanachacha siku hiyohiyo. Wape kidogo ya leo, sio chakula. Mashudu ya nazi yaliyokamuliwa mafuta mashineni ni kitu kingine, hayo yana protini kama asilimia 20, unaweza kuweka kidogo mahali pa alizeti, ila yasiwe yameshaanza kunuka mafuta ya zamani.

Na mahindi yenye ukungu. Hapa sina mzaha. Sumukuvu ndo ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haitoki kwa kuanika wala kukaanga wala kuchemsha. Kuna watu wanasema haya yameharibika kwa ugali basi ya kuku. Kuku anaharibika ini, kutaga kunashuka taratibu hujui kwanini, na anakuwa mwepesi kwa kila ugonjwa unaopita, alafu mayai hayo na wewe unakula. Pwani yetu hii na unyevu wake, mwezi wa nne masika yakikaza, mahindi yaliyokuja makavu safi yanaweza kuota ukungu ghalani kwako. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usihifadhi mchanganyiko zaidi ya wiki mbili tatu, vitamini zenyewe zinakufa.

Premiksi usiimwage juu ya rundo la kilo 100 ukadhani beleshi litaitawanya. Changanya kwanza na kilo moja ya mahindi, hiyo na kilo tano, hiyo ndo uingize kwenye rundo, ugeuze rundo zima toka upande huu kwenda upande ule mara nne. Mgongo utauma. Niliajiri kijana akawa anageuza mara moja anajipumzisha, nikajua kwa sababu kuku wa chombo cha mlangoni walikuwa wanataga na wa chombo cha mwisho hawatagi.

Ukitimiza yote hayo kwenye daftari langu kilo ilikuwa chini kuliko leya mashi kwa tofauti ya kuonekana kabisa, na kutaga kulikuwa chini kidogo tu, 75 kwa 100 badala ya 80. Trei imekula kilo 4.8 lakini kilo yenyewe rahisi, kwahiyo trei ilishuka. Kilichonishinda ni kutafuta. Wiki hii soya hamna, wiki ijayo methionini mpaka iagizwe Dar, na kila ukibadilisha kitu kimoja kuku wanajua kabla yako. Mwenye kuku 500 kwenda juu anaweza kununua mzigo wa mwezi mzima akatulia. Wa 200 kama mie unakimbizana na vijimfuko.

Kuwaachia waokote

Shangazi yangu Pangani haelewi kabisa haya yote. "Mwanangu, kuku anajua kula tangu Nabii Nuhu." Na kwa kuku wake ana haki, kienyeji wake anaokota, anakula mchwa, anakula mabaki, gharama karibu hakuna. Lakini kienyeji huyo anakupa mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka, na huyu mwekundu anakupa karibu 300. Mayai 300 hayatoki kwenye mchwa. Ukimtoa mwekundu nje ukamwambia aokote, ndani ya wiki mbili tatu amekonda na ameacha kutaga.

Kati yao kuna Kuroiler na Sasso, hao wanajua kuokota na wanataga zaidi ya kienyeji, unaweza kuwapa nusu ya chakula bandani na nusu wajitafutie. Kwa mtu mwenye eneo Mabokweni au Tongoni na anayeuza mayai ya "kienyeji" kwa bei ya juu kidogo, hesabu hiyo inakubali. Chanjo ya kideri tu usikose maana wakitoka wanakutana na wa jirani.

Na rangi ya kiini, hili huwa wananiuliza sana. Mahindi yetu ni meupe kwahiyo kiini kinakuwa cheupe cheupe, hata kama chakula ni bora kabisa. Wa chipsi hajali, wa nyumbani analalamika. Wape mchicha, majani ya mlonge, tembele, konzi kadhaa mchana, kiini kinakuwa njano ndani ya siku kumi. Ni rangi hiyo, haiongezi hata yai moja.

Kaskazi ikianza

Hapa ndo Tanga inatofautiana na Lushoto kwa Wasambaa kule juu kwenye baridi. Desemba mpaka Machi banda letu mchana ni tanuri. Kuku wakipata joto wanahema midomo wazi, wanakula kidogo, na kule kuhema kwenyewe kunafanya ganda liwe jembamba hata kama chokaa ipo ya kutosha. Kama alikuwa anakula gramu 120 sasa anakula 95, ile asilimia 16 ya protini haimtoshi tena, maana ameipata kwenye chakula kidogo. Kwahiyo msimu huo mie napandisha protini mpaka 17 au 18. Mwenye leya mashi ya mfuko hapo hana la kufanya zaidi ya kuongezea dagaa kidogo juu, mwenye konsentreti anapunguza pumba, mwenye kuchanganya anafanya anavyotaka. Hii ni sababu moja wapo ya mie kutorudi kwenye mfuko moja kwa moja.

Chakula wape saa 12 asubuhi na saa 10 jioni, saa saba mchana usiwasumbue. Maji yawe mara mbili ya chakula siku za kawaida, kaskazi zaidi ya hapo, na yawe ya baridi. Tenki jeusi la juu ya bati likiwatolea maji ya moto hawanywi, na kuku asiyekunywa hali. Vyombo vya chakula usivijaze, nusu inatosha, zaidi wanamwaga na hicho cha chini kimeshaingia kwenye hesabu ya trei yako.

Sasa ukiamua kubadilisha, kutoka chochote kwenda chochote, usibadilishe kwa siku moja. Siku mbili za kwanza robo mpya robo tatu ya zamani, siku mbili nusu kwa nusu, siku mbili robo tatu mpya, ya saba mpya tupu. Alafu subiri wiki mbili ndo uhukumu, maana kuku anashuka kidogo kwa kushtuka tu hata kama chakula kipya ni kizuri zaidi.

Mie wiki hii natoka kwenye kuchanganya narudi konsentreti, soya imenishinda tena. Leo ni siku ya tatu, nusu kwa nusu ndo imeanza asubuhi. Jioni nimeokota 157.